Mdudu ajifanyaye mwiba na thamani ya kuwajua wadudu kwa ukoo

MWAKA 2008 wakulima wa zabibu katika bonde la Napa, jimboni California nchini Marekani, waliona majani ya mizabibu yao yakigeuka mekundu kabla ya wakati wake. Zabibu zilichelewa kuiva na sukari yake ikapungua, jambo ambalo ni hasara kubwa kwa watengenezaji wa mvinyo. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kuwa katika mizabibu hiyo mna kirusi kisichojulikana awali. Swali likabaki moja: ni nani anayekibeba kutoka mzabibu mmoja hadi mwingine?

Jibu lilipopatikana mwaka 2016, lilimwangukia mdudu mdogo wa kijani, mwenye umbo la pembetatu, aitwaye kitaalamu Spissistilus festinus. Mdudu huyo ni wa familia ya Membracidae, au membrasidi. Namna alivyogunduliwa inaonyesha kwamba kazi ya kuwapanga wadudu katika makundi, ambayo wengi hudhani ni ya makabati ya makumbusho tu, huweza kuokoa mazao shambani.

Membrasidi ni wadudu ambao wengi wao hawazidi urefu wa sentimita moja na nusu. Wana mdomo mfano wa sindano, ambao huuchoma katika mashina laini ya mimea na kufyonza utomvu. Sehemu ya utomvu huo huitoa tena kama majimaji matamu. Sisimizi huyafuata majimaji hayo, nao kwa kulinda chakula chao huwafukuza maadui wa membrasidi. Mdudu huyu akishtuliwa, huruka ghafla kutoka tawini.

Katika uainishaji wa kisayansi, membrasidi wamo katika oda ya Hemiptera, pamoja na kunguni, vidukari na nyenze. Walio karibu nao zaidi ni jasidi, wadudu wadogo warukao ambao wakulima wa pamba huwakuta chini ya majani.

Kinachowatambulisha membrasidi ni bamba la juu la sehemu ya kwanza ya kifua. Kwa wadudu wengine bamba hilo ni kipande kidogo tu nyuma ya kichwa. Kwa membrasidi limerefuka kuelekea nyuma juu ya mgongo, na kwa baadhi yao hufunika karibu mwili wote. Wataalamu hulifananisha na kofia.

Maumbo ya kofia hiyo ni ya ajabu. Umbonia crassicornis, apatikanaye kuanzia Florida hadi Amerika Kusini, hufanana na mwiba wa mti. Cyphonia clavata amebeba mgongoni umbo lifananalo na sisimizi. Nao wadudu wa jenasi Bocydium wa Amerika Kusini wana vijiti vyenye vitufe vya duara, vilivyosimama juu ya mwili kama mapambo.

Ni kofia hiyo hiyo iliyowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden, mwasisi wa mfumo wa majina ya viumbe utumikao hadi sasa, alimweka mmoja wa wadudu hawa wa Ulaya katika jenasi ya nyenze na kumwita Cicada cornuta, yaani nyenze mwenye pembe. Mwanafunzi wake, Johan Christian Fabricius wa Denmark, aliunda jenasi Membracis mwaka 1775 na jenasi Centrotus mwaka 1803. Mdudu yule wa Linnaeus sasa huitwa Centrotus cornutus.

Majina yaliendelea kuongezeka. Mwaka 1927 Mmarekani William Funkhouser alichapisha orodha kubwa ya membrasidi wa dunia nzima, na leo spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 3,000.

Hata hivyo, mtu aliyeshika kofia kama kigezo kikuu aliweza kukosea mara mbili. Kwanza, dume na jike wa spishi moja huweza kuwa na kofia zisizofanana. Jike wa Umbonia crassicornis ana mwiba mrefu uliosimama, ilhali wa dume umelala kuelekea nyuma. Pili, spishi zisizo na undugu wa karibu huweza kufanana kwa sababu zote mbili zimeiga miiba ili zisionekane na ndege.

Kwa sababu hiyo wataalamu waligeukia sehemu zisizovuta macho. Mwaka 1975 Mmarekani Lewis Deitz alichapisha uainishaji mpya wa membrasidi wa mabara ya Amerika, uliozingatia pia sehemu kama mbawa na miguu. Kwa mfano, wadudu wa nusufamilia ya Centrotinae hutambulika kwa kigao kidogo cha pembetatu kilicho nyuma ya bamba la kofia. Kwao kigao hicho huonekana wazi, ilhali kwa wengine wengi hufunikwa.

Tofauti hiyo inalihusu bara la Afrika moja kwa moja. Membrasidi wa aina nyingi zaidi wako katika nchi za joto za Amerika, lakini wale wa asili ya Afrika na Asia karibu wote ni wa Centrotinae. Miongoni mwao ni wa jenasi Oxyrhachis, wenye pembe, ambao huonekana Afrika na Bara Hindi.

Kuja kwa uchunguzi wa jeni kulileta mageuzi mengine. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Christopher Dietrich wa Illinois walilinganisha jeni za jasidi na membrasidi wengi. Walithibitisha kuwa membrasidi hawakutokea kando ya jasidi, bali walichipuka ndani ya ukoo wa jasidi wenyewe. Ni sawa na familia iliyodhani kuwa mtu fulani ni jirani, kumbe ni mjukuu wa nyumba hiyo.

Kofia nayo ilizua mabishano. Mwaka 2011 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kuwa kofia ni kiungo kilicho mfano wa jozi ya tatu ya mbawa. Dai hilo lilishangaza, kwa kuwa wadudu hawana zaidi ya jozi mbili. Mwaka uliofuata wataalamu wengine walilipinga, wakieleza kuwa kofia ni bamba la kifua lililokua tu. Mwishoni mwa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut walionyesha kuwa jeni zitumikazo kuijenga kofia zinafanana sana na zile za mbawa. Kwa maneno mengine, kofia si mbawa, bali ni ukuta wa mwili ulioazima maelekezo ya kujenga mbawa.

Wako pia membrasidi ambao jicho haliwezi kabisa kuwatenganisha. Katika mashariki ya Amerika Kaskazini, mdudu aliyejulikana kwa jina moja la Enchenopa binotata amebainika kuwa ni kundi la spishi kadhaa, kila moja ikiwa na mmea wake. Madume huita majike kwa mtetemo unaopita ndani ya shina, usiosikika kwa sikio la binadamu, na kila spishi ina mtetemo wake.

Elimu ya namna hii ndiyo iliyosaidia California. Mwaka 2013 utafiti mmoja ulimtaja jasidi fulani kuwa mbebaji wa kirusi cha mizabibu, lakini majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaanza na ukoo wa kirusi chenyewe. Waliona kuwa gamba lake la protini liko karibu na la kirusi kimoja cha nyanya kilichojulikana Florida, ambacho hubebwa na membrasidi. Wakawatazama membrasidi wa mashamba ya mizabibu, na majaribio yakaonyesha kuwa Spissistilus festinus anaweza kukihamisha kirusi hicho.

Mdudu huyo hakuwa mgeni. Alikwisha kufahamika kwa muda mrefu kama mharibifu wa maharagwe ya soya na majani ya mifugo ya jamii ya kunde, ila kwenye zabibu hakutiliwa maanani. Mkulima anayempulizia dawa mdudu asiyehusika hupoteza fedha, huua wadudu wenye manufaa na kumwacha mhalifu akiendelea na kazi yake. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwa hatua ya kwanza ya kupambana na mdudu ni kumjua kwa jina na kwa ukoo.