Kabla ya Kuuliza "Atatembea Lini?"

Mzazi akielezwa kwamba mwanawe ana mtindio wa ubongo, swali linalomtoka kwanza ni moja: atatembea lini? Ana haki ya kuuliza. Lakini swali hilo likitawala peke yake, miaka hupita mtoto akinyooshwa miguu kliniki, huku nyumbani akilishwa, akivishwa na kubebwa kwa kila jambo, wala hakuna aliyemfundisha kushika kijiko.

Hali hii hutokana na madhara katika ubongo ambao bado unakua. Mmoja hukakamaa, mwingine hulegea, mwingine mikono humponyoka na kwenda asikotaka. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wanayo. Kwa robo hivi ya wenye hali hii waliochunguzwa, chanzo kilitokea baada ya kipindi cha uchanga, yaani maradhi ambayo mengi yanazuilika. Wengine huumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa umanjano uliochelewa kutibiwa. Hapo hapana laana wala mkono wa jirani.

Jeraha la ubongo haliponi, lakini pia halienei. Mwili ndio unaobadilika: misuli hufupika, nyonga huweza kuteguka, na uwezo hukua ukishughulikiwa mapema. Watafiti wa Ontario, Canada, walionyesha mwaka 2002 kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa kujongea hupatikana kufikia miaka 5 hivi. Kwa wenye hali nzito, hata kabla ya miaka 3. Kwa hiyo mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka apelekwe kwa mtaalamu. "Ngoja, atakua" ni ushauri unaomgharimu.

Na akifika huko, afanyiwe nini? Kwa miongo mingi mtaalamu ndiye aliyemsogeza mtoto kwa mikono yake. Ushahidi uliokusanywa baadaye, ukiwemo wa Iona Novak na wenzake wa Australia mwaka 2013, unaelekeza kwingine: mtoto ajaribu mwenyewe jambo analolitaka, tena na tena, pale anapoishi. Akitaka mpira, uwekwe mahali atakapojinyoosha ili aufikie. Akisitasita, asubiriwe. Kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote, maana mama ana maji ya kuchota na wengine wa kulisha.

Chakula ndicho darasa kubwa. Mtoto aliyelazwa chali na kumiminiwa uji hupaliwa, na uji ukiingia mapafuni huleta nimonia. Akae wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, mlishaji awe mbele yake. Mpini wa kijiko ukinenepeshwa kwa kipande cha kandambili, au kwa kitambaa kilichofungwa vizuri, mkono unaokakamaa huweza kuushika. Atamwaga. Aachwe amwage.

Kiti cha kumshikilia si lazima kitoke ng'ambo. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza viti na meza kwa maboksi, karatasi kuukuu na gundi ya unga, vigumu vya kutosha kumbeba mtoto na vinavyokatwa kwa kipimo cha mwili wake. Kila kituo cha mazoezi ya viungo kingepaswa kuwa na mtu anayeujua ufundi huo, kwa sababu mtoto hukua na kiti cha mwaka jana humbana.

Halafu kuna choo, jambo ambalo kliniki nyingi hazigusi. Mtoto wa miaka 10 anayeweza kusimama nusu dakika, ameshika mti uliochimbiwa ukutani, humwezesha mama kumvua suruali bila kumnyanyua. Huenda hatatembea kamwe. Lakini mgongo wa mama umepona, na mtoto mwenyewe anaweza kukaa darasani siku nzima, shule ikikubali kuchimbia mti kama huo chooni.