Somo la Afya: Vidonge vya Vitamini na Kutu ya Mwili

Sogeeni karibu na redio, na mwenye karatasi ya somo aishike mkononi.

Leo tunazungumza juu ya vidonge vya vitamini. Ukipita mjini Mwanza, au ukingoja meli ya kwenda Ukerewe, utamkuta mtu mwenye chupa. Atakuambia, "Vidonge hivi vinasafisha damu, vinazuia saratani, vinarudisha ujana." Bei yake ni fedha ya mboga ya juma zima. Je, asemayo ni kweli?

Kwanza tujifunze neno moja: antioksidanti. Lisome polepole. Umeona msumari wa mtumbwi ulivyoliwa na kutu. Umeonja dagaa waliokaa mno ghalani, wakawa wakali ulimini. Yote hayo ni kazi ya oksijeni, iliyomo katika hewa tuvutayo. Imeshika chuma, na imeshika mafuta ya dagaa. Ndani ya miili yetu pia hutokea mambo ya namna hiyo, na mwili una vitu vya kujikinga. Vingine huvipata katika chakula: vitamini C ya mapera, vitamini E ya karanga, seleni ya samaki, na beta-karotini, ile rangi ya embe bivu. Hivyo huitwa antioksidanti.

Wataalamu waliona kwamba watu walao matunda na mboga kwa wingi hawapatwi sana na saratani. Wakafikiri: tuvitie vitu hivi katika vidonge. Fikira nzuri, lakini sharti ipimwe. Huko Finland walichukua wanaume 29,133, wote wavutaji wa sigara. Wengine walipewa beta-karotini, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitolewa mwaka 1994. Vitamini E haikuzuia saratani ya mapafu. Na waliokula beta-karotini? Saratani hiyo ilizidi kwao kwa asilimia 18! Mwaka 1996 jaribio jingine kule Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu ya hatari hiyo hiyo. Basi wewe uvutaye sigara, jihadhari na chupa ya beta-karotini. Embe kula tu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa hapa Mwanza, wagonjwa 499 wa kifua kikuu walipimwa kwa njia hiyo. Wote walipewa dawa za kifua kikuu. Juu ya dawa hizo, wengine waliongezewa zinki, wengine vitamini nyingi pamoja na seleni, wengine vyote, wengine kidonge kitupu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2006. Kwa wagonjwa wote pamoja, haikuonekana tofauti ya hakika katika vifo. Lakini waliopata vyote viwili waliongezeka uzito zaidi kwa kilo 2 na kitu. Na miongoni mwa wagonjwa 213 waliokuwa pia na virusi vya ukimwi, waliopata vyote viwili walikufa wachache zaidi.

Angalia vizuri hapo. Watu hao walikuwa wamedhoofika kwa maradhi, na hakuna aliyeacha dawa. Mwenye chupa haelezi hivyo. Yeye humwambia mgonjwa wa kifua kikuu atupe dawa za hospitali anywe vidonge vyake, na mgonjwa huyo anaweza kufa, tena awaambukize watoto wake. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Msichanganye mambo, hata hivyo. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki, na vidonge vya kuongeza damu vya mama mjamzito, ni jambo jingine. Hivyo vina kazi yake, endeleeni navyo.

Mwenye chupa nyumbani aipeleke kwa mganga wa zahanati akaione, hasa kama anatumia dawa nyingine. Chupa ikiisha, msiitupe. Juma lijalo njooni nayo darasani, tusome pamoja maandishi yaliyobandikwa juu yake. Kwaherini.