Kongamano kwa Bando la Buku

Agosti 2018 masela wa programu huria walijaa Dar, pale ukumbi wa JNICC, kwenye FOSS4G, kongamano la dunia la programu za ramani za chanzo huria. Mwana wa kijijini Shishiyu alihitaji nauli ya kufika Maswa mjini, nauli ya basi la Dar, na mtu wa kumpa geto. Umefulia? Imekupita hiyo. Miaka miwili mbele korona ikatibua kila kitu: State of the Map, mkutano wa watu wa OpenStreetMap, ulikuwa ufanyike Cape Town, ukahamia mtandaoni Julai 2020. Kiingilio kikawa bando tu.

Sasa kuna wanaodhani ukishatupia linki kwenye grupu la WhatsApp, kongamano tayari. Wapi! Neti ya huku haina adabu. Mtu ndo kwanza anaanza kushusha nondo, sura inaganda mdomo wazi, watu wanasepa. FOSDEM, kongamano la masela wa programu huria ambao kila mwaka hujazana Brussels, Februari 2021 walicheza kama Pele: mada zilirekodiwa mapema, siku yenyewe video ikaruka hewani huku mtoa mada yuko kwenye chati anajibu maswali. Hiyo ndiyo ya kudaka. Mwana wa Shishiyu akiwa na mada, arekodi usiku, mashine ya kusaga imezimwa na jogoo wamelala, ila si usiku wa mvua, bati litammeza. Siku ya tukio neti yake ikikata, ngoma inaendelea kama kawa.

Halafu bando lenyewe. Saa moja ya video ya 720p inaweza kula GB nzima. Sauti tupu ya kbps 32 haifikishi MB 15. Weka chaneli ya sauti pembeni, slaidi zitupie mapema. Mratibu anayelazimisha kila mtu awashe kamera, huyo anatumia waifai ya ofisi.

Ratiba ikisema 15:00 UTC, andika kabisa saa 12 jioni ya kwetu, maana kuna mchizi ataingia saa 9 mchana akute kimya.

Timu isiwe kijiji: mmoja OBS ya kurusha video, mmoja chati, mmoja mwenye salio la kumvutia waya mtoa mada akipotea. Programu za mikutano kama Jitsi na BigBlueButton ni za bure, ila seva ina mwenyewe na anadai chake, so changeni mapema.

Mgeni rasmi? Dakika tatu, na yeye arekodi.