Haki ya Mtunzi na Uhai wa Redio Ndogo

Hapana mkaazi wa visiwa hivi asiyejua thamani ya redio ndogo. Huko Micheweni, Tumbatu na Makunduchi, redio za jamii ndizo zinazomfikishia mvuvi habari za upepo, mkulima wa mwani habari za soko, na jamaa tangazo la msiba. Baina ya habari na habari hupigwa nyimbo. Na hapo ndipo linapozuka suala ambalo kwa muda mrefu tumelinyamazia: nani alipwe kwa nyimbo hizo, na alipwe kiasi gani?

Asili ya sheria iko wazi. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyoizaa COSOZA. Bara wanayo ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA. Kwa mujibu wa sheria hizo wimbo ni mali, kama lilivyo mali shamba la mikarafuu. Tena mali hiyo ina wenyewe zaidi ya mmoja: mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji na wapigaji, na yule aliyegharimia kurikodi. Anayeipeleka hewani bila ya idhini yao huchuma asichokipanda.

Wapo watangazaji wanaojitetea kwamba wao ndio wanaompatia mwimbaji jina, basi wasitozwe. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani sifa hainunui mchele. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri mwaka 1928. Katika umri wote huo wa taarabu, ni wangapi waliozeeka wakiwa na sifa tele na mifuko mitupu? Tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema kwamba ujira wa kibarua haucheleweshwi.

Hata hivyo, upande wa pili nao una haki yake. Redio ya jamii haina matangazo mengi ya biashara. Aghalabu watumishi wake ni vijana wa kujitolea, na kipato chao huishia katika umeme na matengenezo ya mtambo. Kuitoza ada sawa na kituo kikubwa cha mjini ni sawa na kumtoza mwenye ngalawa ushuru wa meli. Ikizimika redio hiyo, mtunzi hapati hata senti, na mvuvi hukosa habari zake.

Wamarekani walikwisha kulionja jambo hili. Mwaka 2002 redio zinazotangaza kwa intaneti ziliwekewa kiwango cha senti 0.07 ya dola kwa kila wimbo na kwa kila msikilizaji. Kiwango hicho huonekana kidogo mpaka kipigiwe hesabu. Redio yenye wasikilizaji 500, ikipiga nyimbo 15 kila saa usiku na mchana, ingedaiwa dola 126 kwa siku, yaani karibu dola 46,000 kwa mwaka. Vituo vidogo vilipiga kelele, na kabla ya mwaka huo kwisha ikapitishwa sheria iliyoviruhusu kulipa kwa asilimia ya mapato au ya matumizi yao. Mwaka 2007 viwango vipya vilipotangazwa ugomvi ukafufuka, hata tarehe 26 Juni vituo vingi vikanyamaza kutwa nzima kwa kupinga. Funzo lake ni kwamba ada isiyopimwa kwa uwezo wa mlipaji huzaa mgogoro, wala haimnufaishi mtunzi.

Kwetu sisi liko na tatizo jingine: mwenye wimbo ni nani? Katika taarabu, shairi huwa la huyu, muziki wa yule, na jina likawa la klabu. Mapatano yalikuwa ya mdomo, na wengi waliopatana wamekwisha kufariki. Mkataba wa Berne huweka haki ya mtunzi idumu si chini ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi haki hiyo huwa mirathi, na mirathi isiyoandikwa ni mbegu ya fitina baina ya ndugu.

Hivyo basi, kila mmoja ana wajibu wake. Wahusika Serikalini wapange ada kwa kadiri ya mapato, na waeleze hadharani fedha zilizokusanywa zimegawiwa nani. Viongozi wa klabu waandikishe nyimbo zao sasa, wakati wazee wanaozijua wangali hai. Na redio ndogo ziweke daftari la kila wimbo uliopigwa, jina la mtunzi na la mwimbaji. Daftari hilo si la kuwaridhisha wakaguzi tu. Pasipo daftari, mrabaha hugawiwa kwa kukisia, na ukikisiwa humwendea mwenye jina kubwa. Mpiga udi wa Pemba, ambaye wimbo wake hupigwa kila jioni kijijini kwake, huambulia patupu.

Haba na haba hujaza kibaba. Redio ilipe kidogo inachokiweza, ilipe kila mwaka, na kidogo hicho kimfikie mwenyewe. Tukishindwa na hilo, siku moja tutafungua redio zetu tukute nyimbo za wengine tu, kwa kuwa wetu wamechoka kutunga bure.