Je, Wajua? Uniti moja (kWh 1) ya umeme hujaza simu 50

Hiyo ni hesabu ya simu za kawaida za leo, na ni karibu tu. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari na pikipiki: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku, kabla ya kodi. Sasa simama penye kibanda cha kuchaji simu Kasongo, hapa Kongo: sola juu ya bati, waya zimesokotana mezani, kila simu na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Ukilipa faranga 500 kwa simu moja, uniti nzima imekwenda kwa faranga 25,000. Zile shilingi 16 za Kenya hazifiki hata faranga 500! Inauma, maana kobalti inayotumika katika betri nyingi za magari ya umeme inachimbwa Kolwezi, nchini humu humu.