Una paka nyumbani?

Kwenye fomu ya kupeleka kipimo maabara kuna nafasi ya daktari kueleza habari za mgonjwa. Mara nyingi hufika tupu, au ina maneno mawili: goti limevimba. Mtaalamu wa maabara niliyezungumza naye, mtu mkimya hadi mazungumzo yafike kwenye vimelea, anasema nafasi hiyo ingeweza kumwambia jambo analolihitaji sana, yaani mgonjwa anaishi na nani. Hamaanishi mume wala watoto. Anamaanisha paka.

Nilimfuata kwa sababu nilikuwa nikisoma kuhusu baridi yabisi, ile ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake yenyewe, nikakutana na visa vya wagonjwa waliojaa usaha gotini baada ya kuparuliwa au kung'atwa na paka. Sikuweza kuliacha jambo hilo.

Kimelea chenyewe ni Pasteurella multocida. Kimepewa jina la Louis Pasteur, aliyekichunguza kwa ajili ya kipindupindu cha kuku, na mwaka 1880 akaeleza jinsi vimelea hivyo vikidhoofishwa vinavyomkinga kuku asife. Kinywani mwa paka kinakaa bila kumsumbua. Mbwa pia wanacho.

Majimaji ya goti yakimfikia, mtaalamu huyu huyaotesha kwenye sahani mbili. Moja ina agari iliyochanganywa na damu. Nyingine ni agari ya MacConkey, yenye rangi ya waridi, na ndani yake mna chumvi za nyongo. Zote hulala kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 35 hivi. Kesho yake sahani ya damu ina madoa madogo ya kijivu, yanang'aa kama umande. Ile ya waridi haina kitu. Chini ya hadubini anaona vijiti vifupi vilivyoshika rangi nyekundu, na vijiti vya namna hiyo, anasema, kwa kawaida angetarajia vingi viote kwenye sahani zote mbili. Hiki kimeikataa nyongo. Hapo ndipo anaponyanyua simu kumuuliza daktari habari za paka.

Simu hiyo ina uzito wake. Goti likiingia usaha, mshukiwa wa kwanza ni Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi zetu, na matibabu mara nyingi huanza na dawa za jamii ya kloksasilini. Kwa Pasteurella dawa hizo ni dhaifu. Inayokimaliza ni penisilini, ile ile ya zamani, ya bei nafuu.

Mwenye baridi yabisi yuko hatarini zaidi. Utando wa ndani wa viungo vyake umevimba na kujaa mishipa ya damu, hivyo kimelea kinachosafiri kwenye damu hupata mlango. Dawa anazomeza hupunguza kinga, na prednisoloni inaweza kuificha hata homa. Isitoshe, amezoea maumivu. Goti likivimba anasema ugonjwa wake umeamka, na asiyechunguza humwongezea prednisoloni. Wakati huo gegedu linaliwa, na siku chache tu zinatosha kuliharibu.

Kinachomuudhi zaidi mtaalamu wangu ni majimaji yanayoletwa mgonjwa akiwa tayari kwenye antibiotiki. Sahani inatoka safi, naye hajui kama hakukuwa na kitu au dawa zimemtangulia. Ni magoti mangapi yameharibika hivyo, yakaandikiwa kuwa ni baridi yabisi tu? Na je, bibi mwenye vidole vilivyopinda, ambaye paka ndiye anayemliwaza, aambiwe amtoe? Mimi nisingethubutu. Yeye anasema hapana: mparuzo uoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na paka asilambe kidonda. Kwetu angeongeza swali la maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa Brusela hupitia humo na hushambulia viungo.

Kama una baridi yabisi na kiungo kimoja kimevimba, kina joto na kinauma kupita vingine vyote, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uulize kama majimaji yanaweza kuvutwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na habari za paka uzitaje mwenyewe hata usipoulizwa.