Kuinua gari mbele: tujue kinachoinuka na kisichoinuka

Katika Mkoa wetu wa Singida mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaendelea mpaka Aprili. Barabara kuu ya kutoka Manyoni, kupita Singida mjini, kushuka Sekenke na kwenda Nzega ni ya lami. Lakini ukishaiacha lami, mambo ni mengine. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa upande wa Wembere, ukilowa unanata kama ugali. Ukikauka unaacha mifereji na matuta magumu kama jiwe.

Katika njia hizo ndimo pikapu zinamopita. Pikapu ndiyo inayobeba alizeti na vitunguu kwenda sokoni. Usiku pikapu hiyo hiyo ndiyo inayombeba mama mjamzito kwenda hospitali. Ikikwama, mali inaharibika. Na pengine mtu anapoteza maisha.

Ndiyo maana wenye magari wengi wanakwenda gereji na kusema, "Fundi, niinulie gari mbele." Fundi anabadili springi, au anaweka spesa, gari linasimama juu. Mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Je, amepata alichokitaka? Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi amepata nusu tu, na ameongeza hatari bila kujua. Katika makala hii tutaeleza jambo hili hatua kwa hatua.

SPRINGI NA SHOKAPU

Springi inabeba uzito wa gari. Tairi likipanda jiwe, springi inajikunja. Likishuka, inajinyoosha. Bila springi kila jiwe lingepiga bodi moja kwa moja.

Ziko springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ziko pia koili, yaani chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejiviringisha. Makala hii inahusu koili za mbele.

Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mruko wa springi. Shokapu ikifa, gari linaruka-ruka kama mpira hata baada ya shimo kupita.

GARI LAKO NI LA AINA GANI?

Usitoe fedha kabla ya kujibu swali hili. Chungulia chini ya gari.

Land Rover za zamani zilikuwa na springi za bapa. Mwaka 1983 kiwanda kilileta Land Rover One Ten yenye koili mbele na nyuma. Aina hiyo baadaye iliitwa Defender. Land Cruiser pikapu na hadtopu za kazi zilizotengenezwa tangu mwaka 1999 zina koili mbele na bapa nyuma. Za kabla ya hapo zilikuwa na bapa mbele na nyuma. Toyota Hilux nyingi za zamani hazina koili mbele. Hilux za kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004 zinazo. Malori kama Fuso na Canter ya mizigo kwa kawaida yana bapa, kwa hiyo maneno ya spesa za koili hayayahusu.

Sasa tazama jambo la pili. Defender na Land Cruiser tulizozitaja zina ekseli moja nzima mbele, inayounganisha tairi la kushoto na la kulia. Hilux hiyo ya 2004 na kuendelea haina ekseli nzima mbele. Kila tairi lina mikono yake ya chuma na linapanda na kushuka peke yake. Tofauti hii ni kubwa, kama tutakavyoona.

NJIA MBILI ZA KUINUA

Njia ya kwanza ni kubadili springi. Unatoa ya zamani, unaweka ndefu zaidi au ngumu zaidi. Njia ya pili ni kuweka spesa. Spesa ni pete nene ya chuma, ya aluminiamu au ya plastiki ngumu. Inakaa kwenye kikalio cha springi na kuisukuma bodi juu.

Spesa ni rahisi kwa bei. Lakini tuelewe vizuri: spesa haiongezi nguvu ya springi. Mzee aliyechoka ukimpandisha juu ya kigoda ataonekana mrefu, lakini nguvu zake ni zile zile. Springi iliyolala ukiiwekea spesa, gari litasimama juu likiwa gereji. Likipita kwenye shimo, litagonga kama mwanzo.

Kwa hiyo kwanza jua kama springi zimechoka. Simamisha gari tupu mahali tambarare. Matairi yawe na upepo sawa. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi juu yake. Pima kushoto, pima kulia, andika. Tuseme kushoto umepata sentimita 50 na kulia sentimita 47. Upande wa kulia umelala, au kuna kitu kimepinda. Hapo usitafute spesa. Tafuta springi mpya mbili, kwa maana springi hubadilishwa kwa jozi. Wengine wakishaweka springi mpya za kawaida wanaona gari limerudi juu lenyewe, na haja ya kuinua imekwisha.

SENTIMITA MOJA SI SENTIMITA MOJA

Kwenye gari la ekseli nzima, springi inakaa juu ya ekseli. Spesa ya sentimita 3 inainua bodi kama sentimita 3. Hesabu ni rahisi.

Kwenye Hilux tuliyoitaja sivyo. Fikiria mlango wa nyumba. Ukiusukuma karibu na bawaba kwa kidole kidogo tu, ukingo wa mbali unakwenda mbali sana. Mkono wa chuma unaoshika tairi ni kama mlango huo. Springi inaukanyaga katikati, tairi liko mwishoni. Kwa hiyo spesa ya sentimita 2 na nusu ikiwekwa juu ya springi na shokapu yake inaweza kuinua gari karibu sentimita 5. Mtu asiyejua hili anaweka spesa ya sentimita 5, akitaka sentimita 5. Anapata karibu 10, na anavunja viungio.

KINACHOINUKA NA KISICHOINUKA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Ukibadili springi au kuweka spesa, kinachoinuka ni bodi, chesesi na injini. Kwenye gari la ekseli nzima, difu imekaa ndani ya ekseli, na ekseli inakaa katikati ya matairi. Hata ukiweka springi ndefu kama mnara, difu itabaki pale pale.

Sasa fikiria njia ya mbuga yenye mifereji miwili mirefu iliyochimbwa na malori. Matairi yanazama katika mifereji. Katikati kuna tuta. Kinachogonga tuta hilo ni nini? Ni difu. Umelipa fedha nyingi, bado gari limekaa kwenye tuta, matairi yanazunguka bure. Kinachoinua difu ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi tu. Tairi likiongezeka sentimita 6 kutoka chini hadi juu, difu inapanda sentimita 3, yaani nusu yake. Tairi kubwa nalo lina gharama: linachosha injini na breki, na linaweza kugusa madigadi.

Kuinua springi kunasaidia mahali pengine. Kunasaidia bampa isigonge ukingo wa korongo. Kunasaidia chesesi isikwaruze mawe. Kunatoa nafasi ya tairi kubwa kidogo. Faida ipo, lakini ni hiyo.

MADHARA YANAYOFUATA

Gari ni kama mwili. Ukivuta kiungo kimoja, vingine vinavutika.

Kwanza, usukani. Tazama foku ya mbele ya baiskeli. Imelalia nyuma kidogo, ndiyo maana baiskeli inashika njia yake. Matairi ya mbele ya gari nayo yana mlalo kama huo. Ukiinua Land Cruiser au Defender mbele, ekseli inazunguka kidogo na mlalo unapungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha mlalo. Kwenye Hilux ni lazima matairi yapimwe upya kwa mashine ya alaimenti. La sivyo yataliwa upande mmoja kwa muda mfupi.

Pili, mipira ya breki. Mpira unatoka kwenye chesesi kwenda kwenye gurudumu. Chesesi ikipanda, mpira unavutika. Tairi likining'inia kwenye korongo, mpira ulio mfupi unaweza kukatika. Breki zikikatika kwenye mteremko wa Sekenke, tusiseme zaidi.

Tatu, shokapu. Shokapu ya zamani kwenye gari la ekseli nzima lililoinuliwa inakuwa fupi. Inafika mwisho wa urefu wake kabla ya tairi kushuka, inang'olewa polepole. Springi ndefu zinahitaji shokapu zenye urefu unaolingana nazo.

Nne, viungio. Kwenye Hilux ekseli fupi za mbele zinapinda zaidi. Mipira yake ya grisi inachanika, vumbi linaingia, kiungio kinakufa. Ndiyo maana mafundi wengi wanashauri kuinua kusizidi kama sentimita 5.

Tano, kupinduka. Mtu aliyejitwika debe la maji kichwani hawezi kukata kona kwa mbio kama aliyelishika mkononi. Uzito ukipanda juu, gari linapinduka upesi. Jamani, tunajua siku za mnada jinsi pikapu zinavyojazwa watu, wengine wamekaa juu ya magunia. Gari lililoinuliwa, likajazwa hivyo, halisamehe kosa la dereva.

USISAHAU MZIGO WA NYUMA

Kiwanda kinaifanya pikapu isimame juu kidogo nyuma ikiwa tupu. Si kwa bahati mbaya. Ukipakia magunia, nyuma inashuka na gari linakuwa sawa. Watu wa mjini wanainua mbele ili gari tupu lipendeze macho. Mkulima akiiga, anapopakia alizeti nyuma inashuka na pua inaangalia mbinguni. Matairi ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haushiki vizuri, na taa zinawapofusha wanaokuja. Kwa hiyo mwenye pikapu ya mizigo aangalie kwanza springi za nyuma kabla ya kugusa za mbele. Na akiinua, taa zishushwe upya.

USALAMA KATIKA KAZI

Koili iliyokandamizwa ina nguvu ya kuua. Ikichomoka inaruka kama jiwe la kombeo. Basi tushike haya:

1. Gari lisimame mahali tambarare. Weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya matairi yasiyoinuliwa.

2. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara chini ya chesesi.

3. Springi ikandamizwe kwa kifaa chake maalumu, si kwa waya wala kamba. Kwenye Hilux, nati ya juu katikati ya shokapu isifunguliwe kabla springi haijakandamizwa.

4. Usikubali spesa ya mti, ya mpira wa tairi kuukuu, wala vipande viwili vilivyobebeshwa kimoja juu ya kingine. Usikubali springi kuchomwa kwa gesi au kuchomelewa. Moto unaharibu ugumu wa chuma, nayo huvunjika siku usiyoitegemea.

5. Kazi ikiisha, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Angalia kama mipira ya breki inavutika au tairi linagusa. Baada ya kilometa mia chache, nati zote zikazwe tena.

Kifaa cha kukandamiza springi si kila gereji inacho. Uliza kabla ya kuacha gari. Kama fundi hana, tafuta mwingine. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani. Askari akikuta breki zinavuja, hatauliza kama uliinua ili upite mbugani. Na kama gari lina bima kubwa, waarifu watu wa bima kabla ya kulibadili.

TUFANYE NINI BASI?

Ndugu wasomaji, hatusemi kuinua gari ni vibaya. Tunasema kila kitu kiende kwa mpango wake. Kwanza springi na shokapu nzima. Pili matairi mazuri yenye meno. Tatu koleo, jembe, kamba imara na mbao mbili ndani ya gari. Vitu hivi ni rahisi, na vimetoa magari mengi kwenye tope. Kuinua kuje mwisho, kidogo, na kwa fundi anayejua.

Tena tusisahau barabara yenyewe. Tope linakaa pale ambapo maji hayana pa kwenda. Mtaro mmoja uliozibuliwa kabla ya Novemba unasaidia magari yote ya kijiji, na baiskeli, na punda, na watoto wa shule. Springi ndefu zinamsaidia mwenye gari peke yake. Barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Serikali ya kijiji ipeleke habari mapema, sehemu mbaya zikitajwa kwa majina. Na sisi wenyewe tushike majembe pale tunapoweza. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, ukiweka springi ndefu kwenye gari la ekseli nzima, difu inapanda? Eleza kwa nini.

2. Kwa nini pikapu ya mizigo isiinuliwe mbele bila kuangalia nyuma?

3. Taja vitu vitatu utakavyokagua kabla ya kuchukua gari kutoka gereji.

4. Katika kijiji chenu, ni mtaro upi ukizibuliwa magari hayatakwama tena?